Joto Lisilo Homa: Juu ya Jina la Mkasa wa Nusukaputi

Mwaka 1960 madaktari Denborough na Lovell wa Melbourne, Australia, walieleza habari za kijana ambaye jamaa zake 10 walikuwa wamefia katika nusukaputi. Maradhi hayo ya kurithiwa yalikuja kupewa jina la kitaalamu lenye maana ya 'joto kali la kuangamiza', na mfasiri wetu huvutwa upesi na neno homa.

Neno hilo lapotosha. Homa huamriwa na ubongo; hapa ni misuli yenyewe inayowaka, kwa kuwa halothani na jamii yake, au suksamethoni, huachilia kalsiamu bila kiasi ndani ya seli zake. Dawa za homa hazifai kitu. Zito zaidi ni kwamba joto mara nyingi huchelewa. Hutangulia kuzidi kwa hewa ya kaboni katika pumzi za mgonjwa, ingawa mashine yampumulia ipasavyo, moyo kwenda mbio, na taya kukakamaa. Angojaye mwili uchemke, kama jina linavyomwagiza, amekwisha chelewa.

Yapasa dawa chochezi ikomeshwe mara moja, mgonjwa apewe oksijeni tupu, kisha dantrolini, miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, irudiwe hadi dalili zitulie. Kumpoza hufuata. Na dantrolini (wanaistilahi na waliangalie hili) hushughulika na kalsiamu ya misuli, si joto.

'Mkakamao wa nusukaputi' lingependeza, lakini si kila mgonjwa hukakamaa. Twapendekeza 'mwako wa misuli'.