Mtoto anaporudi bwenini kabla ugonjwa haujaisha

Je, mzazi, unaikumbuka asubuhi ya Jumatatu, Januari 4, 2021? Siku hiyo mamilioni ya watoto waliokuwa nyumbani tangu Machi 2020 walibeba masanduku wakarudi shuleni. Kama unaishi Nairobi na kwenu ni Kisii, huenda wako alitokea Nyamache kwa nyanya yake. Huko alikuwa ameshinda miezi tisa na zaidi akichuma majani chai, akichota maji na kuwasikiliza wakubwa wakibishana redioni juu ya korona. Aliporudi, sare ilikuwa imempungukia miguuni, barakoa imemfunika uso, na rafiki zake aliwatambua kwa macho tu.

Yaliyowapata watoto hao yanafaa kuelezwa vizuri, kwa sababu siku maradhi mengine yatakapofunga shule maswali yatakuwa yale yale.

Tukumbushane kwa ufupi. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alithibitishwa Machi 12, 2020, na siku tatu baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Oktoba 12 mwaka huo walirudi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne peke yao. Waliobaki waliitwa Januari. Chanjo ya kwanza ilifika nchini Machi 2021. Kwa hivyo walioingia bwenini Oktoba na Januari waliingia bila kinga yoyote ya sindano, wao na walimu wao.

Virusi vya korona hutoka mdomoni na puani mwa mtu anapopumua, anapozungumza, anapoimba au kukohoa. Matone makubwa huanguka chini karibu naye. Lakini kuna chembechembe ndogo mno ambazo huelea hewani, na hizo ndizo zilizowachukua wataalamu muda mrefu kukubaliana juu yake. Ukitaka kuzielewa, fikiria moshi wa jikoni kwa nyanya. Mlango ukiwa wazi moshi hupungua. Ukifungwa, hata aliyeketi mbali na meko hutokwa na machozi. Darasa liko vivyo hivyo.

Na hapa ndipo Nyamache inapotofautiana na Mombasa. Vilima vya huko viko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na asubuhi ni baridi. Mwanafunzi aliyelala bwenini usiku wa mvua hufanya nini? Hufunga dirisha. Hana makosa, anasikia baridi. Lakini watoto wengi waliolala kwenye vitanda vya ghorofa ndani ya chumba kilichofungwa hubadilishana pumzi usiku kucha, tena bila barakoa, maana hakuna alalaye nayo. Tulitumia nguvu nyingi kununua matangi ya maji na sabuni. Kunawa mikono ni jambo jema, na huzuia kuhara pia, ila kwa ugonjwa huu dirisha lililoachwa wazi kiasi cha kiganja lilikuwa na kazi kubwa kuliko tulivyolipa heshima. Blanketi la pili lingesaidia kuliacha wazi.

Habari ya kukaa mbali mita moja na nusu ilisemwa sana. Ilikuwa ndoto. Shule za sekondari zilikuwa zimejaa tangu serikali ilipoanza mwaka 2018 kuhimiza kila anayemaliza darasa la nane aingie kidato cha kwanza, na wakuu wa elimu wenyewe walikiri kwamba nafasi hiyo haitapatikana kila mahali. Iliyobaki ni barakoa. Nayo ikilowa kwa mvua au kwa pumzi ya kutwa nzima hupitisha hewa kwa shida, na mtoto huishusha kidevuni. Ndiyo sababu mtoto mmoja alihitaji barakoa mbili au tatu za kitambaa za kubadilisha, na muda wa kuzifua na kuzianika. Katika shule ya bweni muda huo haupatikani kwa urahisi.

Tuje kwenye jambo ambalo mzazi wa mjini hulisahau: si kila homa ni korona. Nyanda za juu za Kisii zina malaria ya milipuko. Kwa kuwa baridi humzuia mbu kustawi mwaka mzima, wenyeji hawaumwi mara kwa mara, na miili yao haijengi kinga kama ya watu wa pwani au wa kando ya ziwa. Mvua ikifuatana na joto, ugonjwa huwashukia wote, watoto kwa wazee. Mwaka 1999 iliyokuwa wilaya ya Gucha, ambayo Nyamache ilikuwa ndani yake, ilipatwa na mlipuko mkubwa wa namna hiyo.

Sasa fikiria msichana wa kidato cha pili, wiki ya tatu baada ya kurudi. Mwili unamchemka, kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma. Amesikia habari za watu waliofungiwa karantini mwaka 2020, wengine wakadaiwa pesa za malazi. Anaogopa kutengwa na kunyooshewa kidole. Basi anameza dawa ya maumivu aliyopewa na mwenzake, anajifunika blanketi na kunyamaza. Ikiwa ni korona, kwa umri wake yamkini atapona, ingawa ataambukiza wengine. Ikiwa ni malaria kali, kila siku anayonyamaza inaweza kumfikisha kaburini. Kwa dalili peke yake hata daktari hawezi kuyatenganisha magonjwa haya kwa uhakika. Kupoteza ghafla uwezo wa kusikia harufu huelekeza kwenye korona. Kutetemeka kwa baridi kisha jasho jingi huelekeza kwenye malaria. Lakini jibu liko kwenye kipimo. Kipimo cha malaria ni tone la damu kutoka kidoleni na majibu hupatikana kwa dakika chache katika zahanati. Mwambie mwanao hivi kabla hajapanda matatu: homa ni ya kutangazwa siku hiyo hiyo.

Nyanya je? Dalili za korona zilizoea kuonekana kati ya siku 2 na 14 baada ya kuambukizwa, na vijana wengi hawakuonyesha dalili yoyote. Mtoto aliyefika Nyamache kwa mapumziko akiwa mzima kabisa angeweza kumwachia bibi yake ugonjwa uliomshinda yule mzee mwenye kisukari au shinikizo la damu. Wengi waliorudi shuleni walikuwa na hofu hii kuliko hofu ya mtihani, ila hawakuulizwa.

Hofu ina namna yake ya kujitokeza mwilini. Mtoto huumwa tumbo kila Jumatatu, hukosa usingizi, hupoteza hamu ya kula, au hukasirika kwa neno dogo. Hajifanyi. Moyo ukiwa na wasiwasi, mwili humimina kemikali zinazoharakisha mapigo na kuvuruga tumbo. Kumbuka pia kwamba kuna mvulana aliyezoea kupokea malipo yake kwa kila kilo ya majani chai, akajiona mtu mzima. Ghafla anapigiwa kengele saa kumi na moja alfajiri. Wenzake wa mjini walifuata vipindi vya televisheni vya KICD, yeye hakuwa na umeme. Wote wawili wamekaa dawati moja, na mtihani ni mmoja.

Januari hiyo hiyo ya 2021, katika shule moja mjini Kisii, mwanafunzi aliwadunga kisu walimu wawili. Sisemi korona ndiyo iliyoshika kisu. Lakini mwaka ule ule muhula ulifuata muhula na likizo fupi katikati, ili muda uliopotea ufidiwe, na kufikia Novemba mabweni yalikuwa yameungua katika shule nyingi hata Wizara ya Elimu ikatoa mapumziko ya siku chache ambayo hayakuwa kwenye ratiba. Kalenda ilirudi kawaida Januari 2023.

Kuna ambao hawakurudi siku ile ya Januari kwa sababu walikuwa na mimba. Ikiwa ni bintiyo au mpwa wako, ujue kwamba tangu 1994 sera ya Kenya inamruhusu kurudi masomoni baada ya kujifungua, na Wizara ilitoa mwongozo mpya wa jambo hilo mwaka 2020. Mwalimu mkuu hawezi kumfungia mlango kwa kuwa amekuwa mama. Kabla ya hapo anahitaji kliniki ya wajawazito mapema, kupimwa damu na shinikizo, na vidonge vya kuongeza damu, kwa maana msichana wa miaka 15 au 16 huwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kupatwa na kifafa cha mimba kuliko mwanamke wa miaka 25. Hospitali ya Nyamache iko karibu. Anachokosa mara nyingi ni mtu mzima wa kumsindikiza.