Nyumba ya zamani inauzwa Bukavu: uliza udongo na majirani mbele ya kuuliza bei

"Nyumba iko muzuri, makaratasi iko yote, mwenyewe anataka tu pesa ya haraka." Mtu anayetafuta nyumba ya kununua Bukavu atasikia maneno haya kwa komisioneri wa kwanza, na kwa wa pili. Kisha ataonyeshwa ukuta uliopakwa rangi wiki iliyopita, saruji mpya mbele ya mlango, na bei ambayo iko chini ya ile ya nyumba ya jirani. Mwenye kuweka dola zake kidogo kidogo kwa miaka kumi anaanza palepale kuhesabu vyumba. Lakini vyumba vinaweza kungoja. Kwanza ajue nyumba imekaa juu ya nini, na nani mwingine anasema ni yake.

Viwanja vitupu ndani ya mji vimekwisha, na vile vinavyobaki viko juu ya milima ambako gari halifiki. Ndiyo maana wengi wanarudi kwa nyumba za zamani: zile za Ibanda zilizojengwa wakati mji uliitwa Costermansville, zile za Bagira zilizojengwa na Office des Cités Africaines, shirika la serikali ya ukoloni lililoundwa mwaka 1952, na zile za Kadutu ambazo wazee walijenga wenyewe, chumba juu ya chumba, kadiri watoto walivyozaliwa. Si kila nyumba ya zamani ni mbaya. Nyingine ziko na msingi wa mawe na matofali ya kuchoma ambayo fundi wa leo hawezi kukuletea kwa bei ileile. Ila zimepita mambo mengi. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Yesu asubuhi, tetemeko la ardhi lenye kipimo karibu na 6 lilipiga Bukavu na upande wa Rwanda. Kuta nyingi zilipasuka siku ile. Nyingine zilitengenezwa kabisa, nyingine zilifunikwa tu na rangi.

Hatari kubwa ya Bukavu, hata hivyo, haingoji tetemeko. Ni mteremko. Mfano unaojulikana zaidi uko Funu, katika komine ya Kadutu. Pale udongo unatembea polepole, pamoja na nyumba zilizo juu yake. Watafiti walilinganisha picha za zamani zilizopigwa na ndege na picha za satelaiti za leo, karibu miaka 70 ya historia, na mwaka 2022 walitoa matokeo yao: ule mlima ulikuwa unateleza hata mbele watu wajenge wengi, lakini mji ulipopanuka pale juu, mwendo uliongezeka. Sababu moja kubwa ni maji. Kila bati linamwaga mvua mahali pamoja, mabomba yanapasuka yakivutwa na udongo, na maji yote yanaingia ndani ya ardhi ambayo tayari imechoka.

Mnunuzi hahitaji satelaiti ili kuona hayo. Atembee avenyu nzima, si parseli moja tu. Kama nguzo za umeme zimeinama upande mmoja, kama ngazi za saruji zimeachana na nyumba, kama bomba la maji limefungwa na mpira mahali tatu au ine, mlima wenyewe umekwisha kujibu. Ndani ya nyumba, afungue na kufunga kila mlango na kila dirisha. Mlango mmoja unaokwama unaweza kuwa mbao iliyovimba. Ikikwama yote ya upande mmoja, nyumba inapindika.

Mipasuko pia haifanani. Ule mwembamba kama unywele kwenye plasta, mara nyingi si kitu. Unaotisha ni ule unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, unaopitisha kidole, ambao unaonekana ndani na nje mahali palepale. Mafundi wako na njia rahisi: kuchora alama ndogo ya penseli pale mpasuko unapoishia, kuandika tarehe, kisha kurudi nyuma ya wiki kadhaa. Kama ufa umepita alama, ukuta ungali unatembea. Muuzaji ambaye anakataa mtu arudi mara ya pili, huyo naye ametoa jibu.

Na kurudi kuwe siku ya mvua. Bukavu mvua inaanza Septemba na kwenda hadi Mei. Juni, Julai na Agosti kila nyumba ni nzuri, hata ile iliyo ndani ya njia ya maji. Basi mnunuzi avae buti, aende wakati mvua inapiga, asimame nyuma ya nyumba ambapo komisioneri hapendi kumpeleka. Maji ya jirani wa juu yanashukia wapi? Ukuta wa kuzuia udongo uko na matundu ya kutoa maji, ao umevimba tumbo? Korongo lililo chini ya parseli linakula udongo kila mwaka? Mama anayekaa nyumba ya chini ndiye wa kuuliza: "Mama, mvua ikinyesha sana, maji inapitaka wapi? Na ile ukuta, walishaijenga mara ngapi?" Yeye hana kitu cha kuuza. Ataeleza hata ile mara bati la choo lilienda na maji.

Kwa miji mingine swali linabadilika kidogo. Uvira, kila mtu anakumbuka Aprili 2020, wakati mto Mulongwe ulitoka katika njia yake na kubeba nyumba. Ziwa Tanganyika nalo lilipanda katika miaka iliyofuata, likaingia ndani ya parseli za kandokando, Uvira hadi Kalemie. Pale mtu atafute alama ya maji chini ya rangi, kwenye kuta na kwenye miti. Goma, mwenye kununua anauliza lava ya 2002 na ya 2021 ilisimama wapi, na kama kuna mazuku, ile hewa mbaya inayokaa mahali pa chini na kuua bila harufu.

Mambo ya ndani ya nyumba, fundi mzuri anayamaliza kwa saa mbili, na malipo yake ni kidogo sana mbele ya bei ya nyumba. Asiwe fundi aliyeletwa na komisioneri. Apande juu ya dari aangalie mchwa katika mbao za paa. Kama paa ni la eternit ya zamani, lisikatwe wala kusagwa ovyo, juu lile vumbi lake lina amianti inayoharibu mapafu. Aulize pia fosi septiki iko wapi na ilitolewa uchafu lini. Katika nyumba nyingi za zamani hakuna anayejua, mpaka siku shimo linafunguka lenyewe katikati ya uwanja.

Kartie yenyewe inataka kutembelewa saa tofauti: asubuhi watoto wakienda masomo, jioni, na usiku kama usalama unaruhusu. Baa iliyolala saa sita za mchana inaweza kupiga muziki hadi asubuhi. Robine ya REGIDESO inaweza kuwa pale, nzuri kabisa, na maji yakaja usiku wa manane mara moja kwa juma. Bidoni za njano zilizopangwa mbele ya nyumba za jirani zinasema ukweli kuliko robine. Nyamugo na sehemu nyingine za Kadutu, ambako moto umekwisha kula nyumba nyingi, kuna swali moja zaidi: gari la kuzima moto linaweza kufika? Na kama mgonjwa yuko ndani, wanambeba kupitia wapi? Parseli za zamani zilikatwa mara mbili, mara tatu, watoto wakagawana, na leo kuna nyumba ambayo njia yake inapita katika uwanja wa mtu mwingine. Leo huyo jirani ni rafiki. Kesho akiuza, mnunuzi wake anaweza kujenga ukuta. Hiyo njia iandikwe katika makaratasi na ionekane kwenye kroki ya kadasta.

Tukifika kwa makaratasi, hapa ndipo watu wanapoteza nyumba nzima.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja: certificat d'enregistrement, inayotolewa na conservateur des titres immobiliers. Livret de logeur, fiche parcellaire, barua ya chefu wa kartie, hati ya kuuziana iliyosainiwa na mashahidi kumi, vyote vinaweza kusaidia kueleza historia ya nyumba. Havichukui nafasi ya certificat. Chefu wa kartie anaweza kushuhudia kwamba fulani ameuza, lakini yeye hana uwezo wa kuhamisha haki ya ardhi.

Kwa hiyo mnunuzi asitosheke na fotokopi. Aende mwenyewe ofisini, na numero ya parseli mkononi, aulize certificat iko kwa jina la nani, kama kuna ipoteki ya benki, kama kuna kesi. Aombe agenti wa kadasta aje kupima tena na kuonyesha alama za mipaka, majirani wakiwa pale. Na aangalie tarehe. Kwa sheria, certificat inakuwa ngumu kupingwa wakati miaka miwili imepita tangu haki ilipohamishwa. Sasa nyumba iko na miaka sitini, baba alikaa humo maisha yake yote, lakini certificat ilitoka miezi minane iliyopita kwa jina la mtu ambaye hakuna jirani anayemjua? Pale mtu arudishe pesa mfukoni kwanza.

Kuna pia nyumba za Serikali. Nyuma ya 1960, na tena nyuma ya zaireanizasio ya 1973, nyumba nyingi za wageni zilibaki mikononi mwa Serikali ao mwa watu waliopewa kuzitunza. Mfanyakazi aliyekaa humo miaka thelathini anaiita yake, watoto wake pia. Kukaa hakumfanyi kuwa mwenyewe. Wazee wa avenyu wanajua nyumba hizo moja moja, na wanataja hata majina ya Wazungu wa kwanza.

Ugomvi mwingi zaidi unatoka kwa warithi. Chukua mfano unaorudi kila mara tribinali: baba amekufa, kijana mkubwa iko na makaratasi, anauza. Mwaka unaofuata dada aliyeolewa Uvira anakuja, kisha kaka wa Kinshasa, kisha mtoto ambaye marehemu alimtambua nje ya ndoa. Kwa sheria ya familia ya 1987, wote hao ni warithi wa daraja la kwanza, wasichana sawa na wavulana. Na mama mjane iko na haki ya kuendelea kuishi katika nyumba aliyokaa na mume wake. Kama muuzaji yuko hai na ameoa, sahihi ya bibi yake inahitajika vilevile. Kwa hiyo swali la kwanza kwa familia ni: "Muko wangapi?" Jibu lake lilinganishwe na lile la majirani. Wote wasaini, walio mbali watoe procuration kwa notere, na maandishi ya baraza la familia yawe pale mbele dola moja haijatoka.

Tangu mwanzo wa 2025, wakati vita viliingia Goma na Bukavu, procuration zimekuwa nyingi. Wenyewe wamekimbia, anayeuza ni shemeji ao mlinzi, na sahihi imefika kwa WhatsApp. Benki nazo zilifunga milango, pesa nyingi zikaanza kulipwa mkononi bila alama yoyote. Bei inaweza kuwa nusu ya ile ya zamani, na mwenyewe anaweza kuwa kweli anahitaji kuuza. Lakini azungumze yeye, uso kwa uso hata kama ni kwa video, ataje majirani wake na vyumba vya nyumba yake, na procuration ithibitishwe kule ilikosainiwa. Nyumba ya mtu aliyekimbia ikiuzwa bila yeye kujua, atarudi siku moja, na certificat yake ya zamani mkononi.

Inabakia wapangaji. Mwenye kununua nyumba yenye wapangaji anapokea pia mikataba yao, na watamdai garanti waliyompa mwenye nyumba wa kwanza. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inaiweka miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa, lakini wengi walitoa zaidi. Hesabu hiyo ifanyike na kuondolewa katika bei mbele ya kusaini, sawa na fakturi za SNEL na REGIDESO, ambazo katika nyumba za zamani mara nyingi zingali zinatoka kwa jina la mzee aliyekufa zamani, na deni lake likiwa linapanda kila mwezi.