Garimoshi dogo lafufua kumbukumbu za mzee wa reli

HUENDA, msomaji, ukadhani kwamba garimoshi la kuchezea ni jambo la watoto, na kwamba mtu mzima anayeketi juma zima akilipaka rangi amekosa kazi ya kufanya. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilibadili mawazo siku baba yangu mzazi, aliyekuwa dereva msaidizi wa garimoshi, alipoikataa injini ndogo niliyokuwa nimeipaka rangi upya kwa siku nne mfululizo.

"Hii haijawahi kufika Thika," akasema, akairudisha mezani.

Injini yenyewe ni ya plastiki, mfano wa injini ya dizeli, urefu wake kama sentimita 20. Mzee alipewa na mgeni kutoka Ulaya miaka mingi iliyopita, nayo ilikuwa bado na rangi za reli ya huko. Tangu hapo imekaa juu ya kabati nyumbani kwetu Ruiru.

Mzee aliingia kazini mwaka 1972, wakati wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977 aliendelea chini ya Shirika la Reli la Kenya, hadi katika miaka ya tisini alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Hakutoka na picha wala saa ya ukutani. Basi mwanangu wa miaka 13 alipomwuliza, "Guka, injini yako ilikuwa ya rangi gani?" naye akajibu "Buluu," niliona nimepata zawadi ya kumpa.

Kosa langu

Haraka haraka haina baraka. Badala ya kuuliza, nilichovya kitambaa ndani ya thina na kusugua paa ili kuondoa rangi ya zamani. Thina huyeyusha plastiki. Kabla sijatanabahi, paa lilikuwa limebonyea pembeni, shimo la ukubwa wa punje ya mtama. Nilinyamaza.

Njia iliyo salama ni hii. Kwanza tenganisha bodi na sehemu ya chini yenye mota na magurudumu. Jaribu spiriti kidogo upande wa ndani usioonekana. Ikiwa plastiki haidhuriki, ondoa rangi taratibu kwa mswaki mkuukuu. Osha kwa maji na sabuni, kausha, kisha puliza praima. Rangi hufuata kwa matabaka mepesi, mkebe ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, na kila tabaka likauke kabla ya jingine. Ukitaka mistari, ziba kwa tepu ya karatasi. Kazi ya kupuliza ifanyiwe nje ya nyumba, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, na watoto wadogo wakae mbali.

Wembamba wa rangi ni muhimu kwa sababu ya hesabu. Mfano wa aina hii umepunguzwa mara 87. Chembe ya mchanga ya nusu milimita iliyonasa kwenye rangi ni sawa na kokoto ya zaidi ya sentimita nne juu ya injini ya kweli!

Yote hayo nilijitahidi kuyafuata baada ya ajali ile. Injini ikatoka buluu, inang'aa kama sahani ya harusi. Ndipo mzee akaikataa.

Somo la stesheni

"Mpeleke kijana stesheni akaone," akaniambia.

Jumamosi tukaenda Ruiru. Reli hiyo kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na baadaye ikaendelezwa hadi Nanyuki. Tulingoja karibu saa mbili, mwanangu akiwa na daftari, hadi garimoshi la mizigo lilipopita polepole likivutwa na injini ya dizeli.

Aliyoyaandika yalinishangaza. Paa lilikuwa jeusi kwa masizi kuzunguka bomba la moshi, lakini mbele na nyuma weusi ulipungua. Chini, penye magurudumu na breki, palikuwa na rangi ya kahawia, maana chuma kikisuguana na chuma hutoa unga unaoshika kutu. Karibu na mdomo wa tangi la mafuta palikuwa na doa jeusi linalong'aa. Vidato vya ngazi vilikuwa vyeupe kwa kukanyagwa na viatu. Na kutoka magurudumuni kupanda hadi nusu ya ubavu, lile vumbi jekundu tunalolijua sote tunaoanika nguo Ruiru.

Tuliporudi, mzee alisoma daftari lote, akauliza swali moja tu: "Na dirisha la dereva?"

"Safi, Guka. Kioo kilikuwa kimepanguswa."

"Naam. Dereva hawezi kuendesha asichokiona."

Vumbi la Ruiru

Kazi iliyofuata tuliifanya watu watatu. Kwanza tulipuliza vanishi isiyong'aa ili mng'ao uishe na vumbi lipate pa kushika. Tukachanganya rangi ya kahawia na maji mengi, tukaipitisha kwenye mianya, kisha tukaipangusa kwa pamba kutoka juu kwenda chini, kwani ndivyo mvua inavyotiririka. Masizi tulipata kwa kusaga kipande cha mkaa. Vumbi tulichota nyuma ya nyumba, tukalikausha, tukalichuja kwa soksi ya nailoni na kulipaka kwa brashi laini. Ngazi tulizigusa kwa brashi iliyokaribia kukauka, yenye rangi ya fedha kidogo. Mwisho vanishi tena, nyepesi, ili vumbi lisitoke mikononi.

Mzee akacheka alipopima magurudumu. Nafasi kati ya reli za mfano huu ni milimita 16.5, zidisha kwa 87 unapata reli pana kama ile ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Reli yetu ya Thika ni ya mita moja, ambayo kwa kipimo hicho ingekuwa kama milimita 12. "Mmenitia kwenye reli ya vijana," akasema.

Kisha kidole chake kikafika kwenye shimo la paa. Ilinibidi nikiri. Alinyamaza kidogo, akamwomba mwanangu rangi ya kutu, akaizungushia kovu lile kwa ncha ya kijiti, na kuteremsha mstari mwembamba ubavuni.

"Injini isiyo na kovu haijafanya kazi," akasema. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, alituhadithia siku aliyokabidhi sare zake.

Msomaji, ukiwa na mzee aliyefanya kazi ya mikono, muulize chombo chake kilichakaa wapi na kwa nini. Na watoto wakitaka kuona injini za kweli, Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yako karibu na stesheni kuu. Waende na daftari.