Sponji Waliojenga Miamba ya Bahari ya Kale

Mtahiniwa akiulizwa ni viumbe gani hujenga miamba baharini, kalamu hukimbilia jibu moja: matumbawe. Kwa bahari ya leo jibu hilo linatosha, hasa kwetu tuliozoea pwani. Magofu ya Kilwa Kisiwani yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, na ukilitazama jiwe lenyewe kwa karibu unaviona vyumba vidogo walimoishi wanyama hao. Lakini swali likitaja miamba ya kipindi cha Kambria, jibu hilo halina alama hata moja. Kundi la matumbawe linalojenga miamba leo lilitokea takribani miaka milioni 240 iliyopita, ilhali kuna miamba iliyojengwa na wanyama yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 510. Wajenzi wake walikuwa sponji. Zingatia kwamba neno "mwamba" linataja kazi iliyofanyika. Halikuambii ukoo wa aliyeifanya.

Sponji ni mnyama wa faila ya Porifera. Usiandike kwamba ni mmea kwa sababu hatembei. Kosa hilo nalikuta kila mwaka ninaposahihisha mitihani ya majaribio. Hana mdomo, hana neva wala misuli. Mwili wake umejaa vitundu, na ndani yake zimo seli zenye mijeledi midogo zinazovuta maji. Maji huingia kwa vitundu vya ubavuni, bakteria na chembe nyingine za chakula hunaswa, kisha maji hutoka kwa tundu kubwa, mara nyingi lililo juu. Sponji wengi hujikaza kwa vijimwiba vya silika au kalsiamu kaboneti, ambavyo hutawanyika mnyama anapokufa. Wachache hujenga kiunzi kizima kigumu cha kalsiamu kaboneti, na hao ndio wanaobaki kuwa visukuku vya kuonekana kwa macho.

Wa kwanza kati yao kujenga miamba ni arkeosiatha, jina lenye maana ya vikombe vya kale. Chukua vikombe viwili, kimoja kikubwa na kingine kidogo, uviingize kimoja ndani ya kingine bila kugusana. Weka vigawanyo vyembamba kati yake, kisha toboa kuta zote vitundu vingi. Hilo ndilo umbo lao. Wengi walikuwa na urefu wa sentimita chache tu, nao walijenga pamoja na vijidudu vilivyogandisha chokaa kati ya vikombe. Visukuku vyao vimepatikana Siberia, Moroko, Australia, Kanada na hata Antaktika. Katika muda wa miaka milioni kumi na kitu waligawanyika kuwa jenasi mamia, kisha karibu wote wakatoweka.

Tumejuaje kwamba hawa ni sponji? Hapa ndipo penye alama nyingi, kwa hiyo soma polepole. Elkanah Billings aliwapa jina mwaka 1861 kwa visukuku vya Labrador, Kanada. Kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye wataalamu walibishana. Wengine waliona vile vigawanyo wakasema ni matumbawe, wengine wakasema ni mwani, wengine wakawaundia faila yao wenyewe. Kikwazo kikubwa kilikuwa kwamba hawakuwa na vijimwiba. Mwaka 1973 William Balsam na Steven Vogel walitengeneza mifano yenye umbo la arkeosiatha, wakaiweka katika maji yanayotiririka. Maji yaliingia ubavuni na kutokea juu, bila pampu yoyote. Yaani umbo lenyewe lilifaa maisha ya kuchuja maji. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 alielezwa sponji aliye hai, ambaye leo huitwa Vaceletia, mwenye kiunzi kigumu cha chokaa na asiye na kijimwiba hata kimoja. Kikwazo kikaondoka.

Hoja ya namna hiyo ilitatua pia fumbo la stromatoporoidi, wajenzi wakubwa wa miamba katika vipindi vya Siluri na Devoni, takribani miaka milioni 443 hadi 359 iliyopita. Viunzi vyao vina tabaka nyembamba zilizolaliana, na baadhi vilifikia upana wa zaidi ya mita moja. Kwa muda mrefu waliwekwa pamoja na jamaa wa haidra. Mwaka 1970 Willard Hartman na Thomas Goreau walieleza sponji wenye viunzi vigumu waliopatikana katika nyufa zenye giza za miamba ya Jamaika. Juu ya viunzi hivyo kulikuwa na mifereji yenye umbo la nyota, njia za kutolea maji. Mifereji kama hiyo imo kwenye stromatoporoidi.

Ukitaka kuona mwamba wao, Windjana Gorge huko Australia Magharibi ni bonde jembamba ambalo mto umelikata katikati ya mwamba wa Devoni, mithili ya mkate uliokatwa kisu. Ndani yake wamo pia matumbawe ya makundi yaliyokwisha kutoweka, brakiopodi na krinoidi. Katika matope yaliyotuama kando ya miamba hiyo wamehifadhiwa samaki wenye mabamba ya mifupa kichwani. Mwaka 2008 alielezwa mmoja, Materpiscis, akiwa na mtoto tumboni pamoja na kiungamwana chake. Mtahiniwa akiambiwa aeleze anuwai ya viumbe wa bahari ya kale, mfano huu mmoja una thamani kuliko orodha ndefu ya majina.

Katika kipindi cha Permi sponji walirudi kwa wingi: mwamba wa Capitan, Texas na New Mexico nchini Marekani, uko leo milimani. Katika kipindi cha Jurasi sponji wa kioo, wenye vijimwiba vya silika, walijenga kusini mwa Ujerumani. Miamba ya aina hii ilijulikana kwa visukuku tu hadi mwaka 1987, ilipogunduliwa ikiwa hai katika maji yenye kina kirefu ya British Columbia, Kanada. Nyavu za kukokota zilikuwa zimeshavunja sehemu yake, na eneo hilo likawekwa chini ya hifadhi mwaka 2017.

Swali la mazoezi. Mwanafunzi ameokota kisukuku chenye umbo la kikombe, kuta mbili zenye vitundu, na kisicho na vijimwiba. Mwenzake anasema, "Hakina vijimwiba, basi hakiwezi kuwa sponji."
(a) Eleza kwa nini hoja ya mwenzake haitoshi. (alama 4)
(b) Taja ushahidi mmoja wa majaribio unaounga mkono kwamba ni sponji, na ueleze ulivyopatikana. (alama 6)