Hikaru Nakamura: juu ya nini mkono wake ni mbio hivi, na ni wapi anaangukia

Vijana wengi wa kwetu wanaocheza sataranji (échecs) kwenye telefone, ile ya minuti tatu ao ya minuti moja, wanamjua Hikaru Nakamura kuliko wanavyojua mabingwa wa dunia. Wanatazama video zake: mkono unaruka, kete zinatembea, mdomo unaendelea kuongea na watazamaji, na mpinzani anaishiwa saa. Kiisha wanafungua telefone na kujaribu vile vile. Baada ya michezo kumi, pointi zimeshuka na mega zimekwisha.

Sasa, huyu bwana anawaza saa ngapi? Jibu ni kwamba, sehemu kubwa, aliwaza zamani.

Nakamura alizaliwa tarehe 9 Desemba 1987 huko Hirakata, Japani, na akapelekwa Marekani akiwa na miaka miwili. Baba yake wa kambo, Sunil Weeramantry, ni mwalimu wa sataranji anayejulikana sana kule. Mwaka 2003, Nakamura akiwa na miaka 15, alipata cheo cha grandmasta, kile cha juu kabisa, na akavunja rekodi ya umri mdogo ambayo Mmarekani Bobby Fischer alikuwa ameishika. Amekuwa bingwa wa Marekani mara tano. Mu Oktoba 2015 alifika pointi 2816, wa pili duniani, na hiyo ilikuwa sataranji ya mezani, ya masaa mingi. Hii ni kusema si mtu aliyezaliwa na mtandao. Alikuja kwenye mtandao na mzigo mzima kichwani.

Tufanye hesabu kidogo. Minuti tatu ni sekonde 180. Kama mchezo unakwenda hatua 60, uko na sekonde tatu kwa kila hatua, na humo ndani kuna kuona mpinzani amefanya nini, kuchagua, na kusogeza kete. Hakuna mtu duniani anayeweza kupiga hesabu ndefu mu sekonde tatu. Anachofanya mchezaji wa nguvu ni kutambua. Anaona farasi pale, mfalme pale, pioni mbili zimeachana, na jibu linakuja lenyewe kwa sababu sura hiyo ameishaiona mara elfu. Ni sawa vile dereva wa pikipiki anayepita barabara moja kila siku: hasomi mashimo, mikono inajua. Lakini umupeleke mji mwingine usiku, utaona. Hilo neno la mji mwingine tutalirudilia, kwa sababu njo ugonjwa wa Nakamura.

Silaha yake ya kwanza ni kutuma hatua mbele. Kwenye mitandao ya sataranji unaweza kuweka hatua yako kabla mpinzani hajacheza. Akigusa tu kete yake, yako inaondoka. Kwenye Chess.com hatua ya namna hiyo inakula sehemu moja ya kumi ya sekonde tu, na unaweza kupanga kadhaa kwa mustari. Mtu aliyebaki na sekonde nne, kwa wengi wetu amekufa. Kwa Nakamura, sekonde nne ni utajiri.

Hatari yake inajulikana: mpinzani akicheza kitu usichongojea, hatua yako inaondoka tu, na pengine inatoa malkia bure. Hapa njo kuna akili ambayo video haionyeshi vizuri. Nakamura hatumi mbele kila hatua. Anachagua zile ambazo ni salama hata mpinzani afanye nini. Mfano wa kwanza ni mfalme anayekwenda kwenye nyumba ambayo hakuna kete ya adui inayoweza kuifikia. Wa pili ni hatua ya kurudisha: mpinzani akikula kete yako, na wewe unakula yake palepale. Kama hakukula, ile hatua yako haiwezekani tena, mashine inaifuta, na hupotezi kitu. Chunguza michezo yake ya minuti moja na utaona: sehemu kubwa ya mbio yake inatoka mu aina hizi za hatua zisizo na hasara. Kijana anayeiga mkono bila kuiga uchaguzi huo, anaiga kivuli.

Silaha ya pili ni namna anavyofungua mchezo. Mara mingi, akicheza nyeupe kwenye mtandao, anasukuma pioni ya b nyumba moja tu. Si ufunguzi bora zaidi, na yeye anajua. Lakini unamtoa mpinzani kwenye njia aliyoikariri, na mpinzani anaanza kuwaza kwenye hatua ya tatu, sekonde zinatoka. Nakamura anawaza kidogo kwa sababu ameicheza mara nyingi mno. Kwa hiyo baada ya hatua kumi, kwenye ubao mambo ni sawa kwa sawa, lakini kwenye saa yuko mbele sekonde 20. Kwa mchezo wa minuti tatu, sekonde 20 ni kete nzima.

(Kuna pia ule mchezo wa mwaka 2021 na Magnus Carlsen, ambapo wote wawili walitoa mfalme mbele kwenye hatua ya pili na wakaenda sare haraka haraka. Vijana wanaupenda sana. Ulikuwa utani kati ya watu wawili ambao matokeo hayakuwasumbua tena. Musiuchukue kama somo.)

Silaha ya tatu njo inatupendeza zaidi, na ndiyo watu wanaiona kidogo: kutetea. Nakamura haachi mchezo mbio. Akipoteza pioni, akipoteza hata zaidi, anapanga kete zake karibu karibu, anafunga milango, na anamwambia mpinzani kwa vitendo: haya, onyesha sasa namna utashinda, na uko na sekonde kumi na mbili. Kwenye mchezo wa masaa, mwenye faida anakaa, anakunywa maji, anatafuta njia. Kwenye mchezo wa mbio, mzigo wa kutafuta unamwangukia yule anayeongoza. Michezo mingi ambayo mashine inasema imekwisha, Nakamura anaokoa nusu pointi, ao hata anaibeba yote.

Njo maana alishinda Speed Chess Championship, mashindano makubwa ya mbio ya Chess.com, mara tano mfululizo, kuanzia 2018 mpaka 2022. Humo watu wawili wanapigana karibu masaa matatu: kwanza michezo ya minuti tano, kiisha ya tatu, kiisha ya moja. Fainali ya 2022 alimpiga Carlsen mwenyewe 14.5 kwa 13.5. Mwaka uliofuata Carlsen akarudisha, 13.5 kwa 12.5. Ukiangalia hizo hesabu, kati ya hao wawili kwenye mbio hakuna hata nafasi ya kupitisha karatasi.

Mwisho wa 2023 kulitokea mambo. Nakamura alipata mfululizo wa pointi 45.5 kwa michezo 46, na Vladimir Kramnik, bingwa wa zamani wa dunia, akaanza kuuliza maswali mbele ya watu wote. Chess.com ilichunguza na kusema haikuona udanganyifu. Maoni yetu: mtu aliyecheza makumi ya maelfu ya michezo, na mara mingi na wapinzani walio chini yake kwa pointi mia kadhaa, lazima siku fulani atapata mfululizo unaoshangaza. Ukirusha franga hewani mara elfu kumi, kuna pahali itaangukia upande mumoja mara nyingi kwa mustari. Cha ajabu kingekuwa isitokee hata mara moja.

Sasa twende mu ule mji mwingine.

Nakamura anaposhinda kwa kutambua, anaumia pale ambapo hakuna kitu cha kutambua. Miaka mingi Carlsen alikuwa anamshika hapo hapo kwenye sataranji ya masaa. Mpaka katikati ya 2016, Carlsen alikuwa amemshinda mara 12 bila kupoteza hata mara moja. Ushindi wa kwanza wa Nakamura ulikuja Bilbao, Hispania, Julai mwaka ule. Carlsen hakuwa anafanya miujiza. Alikuwa anamleta mu hali kavu, ambazo hazina shambulio wala mtego, na anabaki pale akiongeza shinikizo kidogo kidogo. Kila hatua inaonekana nzuri, lakini moja tu ni nzuri kweli. Mtu aliyezoea hatua ya haraka inayotosha, hapo anatoa hatua inayotosha mara nne kwa mustari, na ya tano hakuna tena.

Zamani, akiwa kijana, aliamini kabisa kwamba werevu wa mbio unaweza kupita popote. Mwaka 2005, kwenye mchezo wa mezani na grandmasta wa India, Krishnan Sasikiran, alitoa malkia nje kwenye hatua ya pili, ile ambayo walimu wanawakataza watoto. Alipoteza.

Lakini mchezo uliomgharimu zaidi ni wa Madrid, Julai 2022. Yalikuwa mashindano ya kutafuta mutu wa kupigania ubingwa wa dunia. Siku ya mwisho Nakamura alikuwa wa pili na alikutana na Ding Liren wa China, aliyekuwa nyuma yake kwa nusu pointi. Sare tu ingemtosha kubaki wa pili. Akapoteza, akashuka mpaka nafasi ya ine. Ungesema wa pili ao wa ine ni mamoja, kwani anayechukuliwa ni wa kwanza. Lakini siku chache baadaye Carlsen alitangaza kwamba hatatetea tena taji, na nafasi ikapewa wa pili. Ding akacheza na Ian Nepomniachtchi mwaka 2023, na leo jina lake liko kwenye orodha ya mabingwa wa dunia. La Nakamura haliko.

Toronto, 2024, tena vile. Alipoteza michezo miwili tu kati ya 14, yote miwili mbele ya mutu mumoja, Vidit Gujrathi. Akamaliza na pointi 8.5. Gukesh, kijana wa India mwenye miaka 17, alishinda na pointi 9. Sare moja tu mbele ya Vidit ingemfikisha Nakamura sawa na Gukesh.

Kusema kweli, hapa hatuzungumzii mchezaji asiyejua kitu fulani. Kinachokosekana ni kusimama. Ndani ya mchezo wa masaa mane kuna pahali pamoja ao pawili ambapo lazima mkono ukatazwe, hata kama hatua inaonekana wazi. Kwenye mbio, kusimama ni dhambi. Sekonde kumi na tano za kuwaza zinaweza kukuangusha. Mwili unajifunza hivyo, na kufundisha mwili kinyume chake si kazi ya juma moja.

Tena amejirekebisha, lazima tuseme. Nakamura wa sasa anacheza kwa kiasi kuliko yule wa 2005: funguzi ngumu kuvunjwa, hatari chache, sare anapokuwa na nyeusi bila aibu. Tangu alipopata kazi ya kuonyesha michezo yake kwenye mtandao, hategemei zawadi za mashindano ili akule, na anaonekana ametulia. Mwaka 2023 alishinda Norway Chess, Carlsen akiwemo, na akarudi wa pili duniani akiwa na miaka 35. Kwenye mbio zenyewe sasa shida inatoka kwa vijana: mwaka 2024 Alireza Firouzja, mzaliwa wa Iran anayechezea Ufaransa, alimtoa kwenye nusu fainali huko Paris. Firouzja alizaliwa 2003. Mikono ya miaka 21 na mikono ya miaka 36, kwenye mchezo wa minuti moja, si sawa.

Na sisi wenye telefone na rezo ya kukatikakatika? Kitu cha kwanza: minuti moja bila nyongeza si mchezo wa huku. Rezo ikipotea sekonde sita, saa yako inaendelea kutembea, na hatua zote za mbele ulizopanga hazisaidii. Chagua michezo yenye nyongeza, kwa mfano minuti tatu na sekonde mbili kwa kila hatua, ao bora zaidi minuti kumi na nyongeza ya sekonde tano. Humo rezo ikirudi, bado uko na kitu mkononi. Kama lengo ni kupanda, cheza michache na urudilie yale uliyopoteza. Lichess inafanya uchunguzi huo bila malipo, na maandishi ya mchezo mzima ni mepesi, hayakuli mega hata kidogo karibu na video.

Na ukitazama Nakamura, usiangalie kete. Angalia saa yake. Utaona inatembea sekonde moja, moja, mbili, moja, kiisha gafula inasimama kwenye nane ao kumi. Funga video pale, tafuta mwenyewe ameona nini, halafu fungua.