Mbalamwezi na Mvuvi wa Dagaa

Usiku wa giza, katika Ziwa Viktoria mbele ya mji wa Bukoba, ambamo Nshambya ni mojawapo ya kata zake, huonekana safu ya taa juu ya maji. Hizo ni taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi hutumia betri.

Mchana dagaa hukaa chini zaidi. Usiku hupanda karibu na uso wa maji kufuata vijidudu wanavyovila. Taa huvuta vijidudu hivyo, na dagaa wenyewe huifuata nuru, hata kundi lililotawanyika likakusanyika mahali pamoja na wavu ukaweza kulizunguka.

Mwezi mpevu huharibu kazi hiyo. Nguvu ya taa haimo katika ukali wake tu, bali katika tofauti yake na giza linaloizunguka. Ziwa lote likimulikwa, taa moja haiwavuti dagaa kama awali. Kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku hizo, na mapato ya nyumbani hukatika.

Hata hivyo, mwezi huchelewa kuchomoza kwa kadiri ya dakika 50 kila siku. Usiku wa nne baada ya mwezi mpevu huwa na giza la saa tatu hivi kabla haujachomoza, na mitumbwi huweza kurudi majini.