Maji moto ya Bath: Yanaponya nini, na hatari yake ni ipi?

MZEE mmoja wa miaka 61 aliingia chumbani mwangu akitembea wima, tofauti na siku zote ambapo huja akiwa ameshika kiuno. “Daktari, magoti yamepona,” aliniambia huku akicheka. Alikuwa amekaa wiki mbili kwa jamaa zake katika Bonde la Ufa, na kila jioni aliketi ndani ya maji ya chemchemi ya moto.

Nilifurahi pamoja naye hadi nilipompima shinikizo la damu. Lilikuwa 190 kwa 110. Tembe zake alikuwa ameziacha nyumbani Nairobi. “Za nini tena, daktari? Maji yale ni dawa tosha.”

Sikumcheka. Imani hiyo ina umri mkubwa kuliko udaktari wangu, tena kuna mji ambao umeipima kwa karibu miaka 300. Mji huo ni Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza.

Bath ni mji wa chuo kikuu uliozungukwa na vilima vya kijani, na Mto Avon hupita katikati yake. Chuo Kikuu cha Bath kilipata hati yake mwaka 1966 na kinajulikana kwa sayansi na uhandisi. Sayansi yenyewe ilifika mapema zaidi. Ni katika bustani ya nyumba moja mjini humo ambapo William Herschel, mwanamuziki aliyependa kutazama nyota, aliiona sayari ya Uranus mnamo Machi 13, 1781, kwa darubini aliyoiunda mwenyewe.

Hata hivyo, kilichoupa mji huo jina ni maji. Mvua iliyonyesha maelfu ya miaka iliyopita ilizama zaidi ya kilomita mbili ardhini, ikapashwa moto na miamba, na sasa inapanda tena juu ikiwa na joto la nyuzi 46 hivi. Zaidi ya lita milioni moja hububujika kila siku. Warumi walijenga bafu zao hapo katika karne ya kwanza, na wagonjwa hawakukoma kuja.

Mwaka 1742 ilifunguliwa hospitali ya maskini waliotoka mbali kutafuta tiba ya maji hayo. Kila mgonjwa alitakiwa kuweka amana ya fedha. Akipona, ilikuwa nauli ya kumrudisha kwao, akifa, ilimzika.

Miongoni mwa waliolazwa walikuwamo watu waliopooza mikono, viganja vikining’inia bila nguvu. Wengi wao walikuwa wapaka rangi, mafundi wa mabomba na wanywaji wa mvinyo. Leo tunajua kilichowaumiza: sumu ya madini ya risasi, ambayo wakati huo ilijaa katika rangi, mabomba na vinywaji. Hospitali iliweka rekodi, na rekodi hizo zinaonyesha kuwa wengi wa wagonjwa hao walirudi kwao wakiwa na nafuu.

Je, ilikuwa miujiza? La. Ukiketi majini hadi shingoni, uzito wa maji huibana miguu na tumbo, nayo damu husukumwa kuelekea kifuani. Mwili huchukulia kwamba umejaa maji kupita kiasi, kwa hivyo figo hutoa mkojo mwingi pamoja na chumvi. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Uingereza walipima jambo hili na kukuta kuwa risasi inayotoka kwa njia ya mkojo huongezeka pia. Si lazima maji hayo yawe ya Bath. Maji ya kawaida yenye uvuguvugu huusukuma mwili vivyo hivyo.

Tena kulikuwa na jambo la pili. Wagonjwa wale walikaa hospitalini kwa wiki nyingi, mbali na kazi iliyokuwa ikiwatilia sumu. Hiyo nayo ilikuwa tiba kubwa. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, wanajua kwamba risasi haiondoki mwilini iwapo chanzo chake bado kipo mlangoni.

Vipi kuhusu magoti ya mzee wangu? Maji humbeba mtu, kwa hivyo viungo hupumzika kutokana na uzito wa mwili. Joto nalo hulegeza misuli na kupunguza ukakamavu. Mwenye baridi yabisi hupata nafuu ya kweli, wakati mwingine kwa wiki kadhaa. Lakini gegedu iliyolika haioti upya, na maradhi yenyewe hayakomi.

Kwa shinikizo la damu, hadithi ni fupi zaidi. Joto hutanua mishipa, shinikizo hushuka ukiwa majini na kwa muda mfupi baadaye, kisha hurudi lilipokuwa. Mzee wangu alikuwa na nafuu ya magoti, huku moyo, figo na ubongo wake vikiwa hatarini bila yeye kuhisi lolote.

Mji wa Bath una funzo jingine, nalo ni la huzuni. Mwaka 1978 msichana aliyeogelea katika maji yale alifariki kwa maradhi ya ubongo. Aliyemuua ni amiba aitwaye Naegleria fowleri, mdudu asiyeonekana kwa macho, anayestawi katika maji ya uvuguvugu. Amiba huyu haambukizi mtu kwa kunywewa. Hupitia puani na kupanda hadi ubongoni. Maradhi hayo ni nadra sana, lakini wachache mno hupona. Bafu zilifungwa, visima vipya virefu vikachimbwa kufikia maji safi, na umma uliruhusiwa kuoga tena katika jengo jipya mwaka 2006. Bafu kongwe la Warumi hutazamwa tu.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, ukienda kwenye chemchemi au bwawa la maji moto, zingatia haya:

* Usiache dawa ulizoandikiwa. Zibebe safarini kama unavyobeba nguo.

* Usizamishe kichwa wala kuruka majini. Maji yasiingie puani.

* Chagua maji yasiyozidi nyuzi 40, na utoke baada ya dakika 15 au 20. Kule Bogoria maji mengine hutoka yakichemka. Usikaribie ukingo wala kuwaachilia watoto.

* Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asipime joto kwa mguu. Amwombe mwenzake aliyapime.

* Simama polepole, hasa ukimeza dawa za shinikizo la damu, kwani unaweza kupata kizunguzungu na kuanguka. Kunywa maji, na usiingie ukiwa umekunywa pombe.

* Mja mzito, mwenye moyo dhaifu, mwenye homa au kidonda, amwone daktari kwanza. Mwenye kifafa asiingie peke yake.

Asiye na nauli ya kwenda mbali asihuzunike. Taulo iliyochovywa katika maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, ikiwekwa gotini kwa dakika 15 kabla ya mazoezi mepesi, husaidia pia.

Mzee wangu alikubali kurudia tembe zake. Baada ya mwezi mmoja shinikizo lilikuwa 138 kwa 84. Aliniuliza iwapo bado ana ruhusa ya kwenda kwenye maji yake. Nilimwambia, “Nenda mzee, magoti yatakushukuru. Lakini maji hayo hayaujui moyo wako. Tembe zinaujua.”